Bata mzinga wa Thanksgiving alinikaukia mwaka jana. Alhamisi hii nina wageni 16, nisaidieni

#1 Mama Zuhura (Jumamosi, saa 3 asubuhi)

Wana jukwaa, salaam. Niko Columbus, Ohio, huu mwaka wa sita. Miaka mitatu ya mwanzo Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya hapa Marekani, kwetu ilikuwa siku ya kulala tu, maana kazini kumefungwa. Wanangu walipoanza shule wakawa wanarudi na bata mzinga waliomchora kwa kufuatisha kiganja cha mkono, kila kidole unyoya, na swali ni moja: mama, wa kwetu yuko wapi?

Mwaka jana nikampika. Ndege wa paundi 18, nikamtia oveni saa 12 asubuhi, nyuzi 350 za Farenhaiti, nikangoja kile kidude chekundu cha plastiki alichochomekwa kifuani kinachoruka chenyewe nyama ikiiva. Kiliruka saa 5 na nusu. Ngozi ilikuwa nzuri, rangi ya dhahabu, watoto wakapiga makofi. Kidari sasa! Unatafuna kama pamba. Wageni walikula pilau na kachumbari, yule ndege akabaki mezani upande mmoja mzima. Niliumia sana.

Mwaka huu mama yangu mzazi amekuja kutoka Tanga, hajawahi kuona sikukuu hii. Ndege ni wa paundi 18 tena, yuko kwenye friza. Nataka kujua mawili. Kilichomkausha ni nini? Na je, nimpike kizungu au kwetu?

#2 Fundi Oveni

Dada, kabla ya yote mtoe friza SASA HIVI. Ndani ya friji ndege anayeyuka kwa kiasi cha siku moja kwa kila paundi 4 au 5. Huyo wako ni siku nne. Mweke kwenye trei pana, rafu ya chini kabisa, majimaji yake yasidondokee mboga. Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha, nje anaharibika ndani bado jiwe.

Ukishamtoa ndio tubishane. Mimi nasema mkosaji ni kile kidude. Mara nyingi kinaruka kidari kikiwa kimeshapitiliza. Nunua kipimajoto cha nyama, chomeka sehemu nene ya kidari bila kugusa mfupa. Idara ya kilimo ya Marekani inataka nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi. Ikifika hapo, toa.

#3 Mama Zuhura

Nimeshamtoa, yuko kwenye friji. Asante mkuu.

#4 Binti Mvita

Kidude kinaonewa. Tatizo ni ndege mwenyewe. Kidari kikipita 165 kinaanza kukauka, paja nalo halilainiki vizuri mpaka lifike 175 au zaidi, kwa sababu lina kano na mafuta. Ukimpika mzima, kidari kinasubiri paja, na wakati kinasubiri kinakufa. Hata ungekuwa na vipimajoto kumi.

Mimi niko Minneapolis, nampikia ukoo mzima. Nilishaacha kumpika mzima. Mapaja nayaweka peke yake, kidari peke yake.

#5 Mpishi wa Pangani

Nyote mnazungumzia moto, hakuna anayezungumzia viungo. Ndege wa paundi 18 unampaka chumvi asubuhi hiyohiyo unayompika, itaingia saa ngapi? Mwoshe kwa ndimu na chumvi, mlaze usiku mzima kwenye tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, pilipili manga na ndimu. Asubuhi choma, akikaribia kuiva mpake tui zito, mrudishe, mpake tena. Bata mzinga wa kupaka. Hapo mama wa Tanga atakuombea dua.

#6 Fundi Oveni

#5 nakubaliana nawe yote ila kuosha. Maji ya bomba yanaporuka yanasambaza bakteria wa salmonela kwenye sinki, vyombo na saladi ya jirani yake. Moto wa nyuzi 165 unawaua, maji hayawaui. Tena ngozi iliyolowa haikauki, na isipokauka haiwi ya kupasuka mdomoni.

#7 Bi Kitunguu

Ndege asiyeoshwa haingii kwenye sufuria yangu. Mama aliosha, bibi aliosha, tumekua.

#8 Fundi Oveni

Bibi alichinja mwenyewe uani, akanyonyoa, damu na manyoya vilikuwepo. Lazima aoshe! Huyu wa dukani ameshaoshwa kiwandani. Hali ni mbili tofauti.

#9 Bi Kitunguu

Kiwandani kulikuwa na nani unayemjua?

#10 Nairobi Houston

Hapo #9 amekushinda, boss. 😂 Kwetu tunaosha ndani ya beseni, maji hayaruki, halafu sinki inapigwa dawa. Amani.

Kuhusu chumvi, hii ya #5 ni kweli lakini hauhitaji maji wala ndoo. Chukua chumvi ya chenga kubwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kila paundi 4 au 5. Pakaa Jumanne usiku, na uingize chini ya ngozi ya kidari kwa vidole. Mwache wazi kwenye friji mpaka Alhamisi. Chumvi kwanza inatoa maji, halafu yale maji yanarudi ndani nayo, nyama inashika unyevu, na ngozi inakauka juu. Tangu nianze hivi sijawahi kurudi nyuma.

#11 Mama Zuhura

Nimesoma karatasi ya ndege wangu: imeandikwa ameshadungwa maji ya chumvi, hadi asilimia 8 ya uzito. Wa mwaka jana alikuwa kampuni hiyohiyo. Sasa kama chumvi ndiyo dawa, mbona alikauka?

#12 Nairobi Houston

Hilo linanifikirisha. Kama ameshadungwa punguza chumvi nusu, usije ukamfanya ng'onda.

#13 Binti Mvita

#11 umejibu mwenyewe dada yangu. Saa 12 mpaka saa 5 na nusu ni saa tano na nusu ndani ya oveni! Ndege wa paundi 18 asiyejazwa kitu ndani, kwa nyuzi 350, saa nne hivi anatosha.

#14 Mama Zuhura

Nilikuwa nafungua kila nusu saa kummwagia mchuzi wake asikauke. Hivi ndivyo nilivyoelekezwa kazini.

#15 Fundi Oveni

Kila ukifungua joto linatoka, oveni inaanza upya. Ndiyo maana kidude kilichelewa. Na mchuzi unaomwagia hauingii ndani, unaishia kwenye ngozi na kuilainisha.

#16 Mpishi wa Pangani

Hauingii lakini unaleta ladha, tusiseme hauna kazi. Samaki wa kupaka anapakwa mara ngapi?

#17 Mfugaji wa Tengeru

Nawasalimu kutoka Arusha. Mimi nafuga hawa ndege, nauza zaidi kuelekea Krismasi, na naona mmesahau kitu. Ndege mnayemla huko ni aina nyeupe ya kifua kipana, amechaguliwa vizazi na vizazi awe na kidari kikubwa kiasi kwamba dume hawezi hata kumpanda jike, wanazalishwa kwa kupandikiza mbegu. Anakua haraka, kidari kinene kisicho na mafuta. Nyama ya namna hiyo itakauka tu. Wangu wa kienyeji anatembea, anakula majani na wadudu, nyama yake ni ngumu lakini ina ladha. Huyo huwezi kumtia oveni moja kwa moja, unamchemsha kwanza mpaka alegee ndipo unamkaanga au kumbanika.

#18 Kijana wa Zamu

Mkuu #17, kufuga ni rahisi? Nina shamba dogo nyumbani Muheza.

#19 Mfugaji wa Tengeru

Si rahisi wiki za mwanzo. Mayai yanakaa siku 28, kuku ni 21. Vifaranga wanataka joto kweli, na wengine hawajui kula wala kunywa, lazima uwafundishe, wachanganye na vifaranga wachache wa kuku waige. Lakini wakishakua usiwachanganye na kuku kabisa. Kuku anabeba vijidudu vinavyoshambulia ini la bata mzinga, ukiona kinyesi cha njano kama kiberiti ujue umechelewa. Nilipoteza kundi zima hivyo mwaka wa kwanza. Njoo kwa ujumbe wa faragha tusimharibie dada uzi.

#20 Bukavu Boise

Sisi watu wa Kivu hatusemi bata mzinga, tunachukua la Kifaransa, dindon. Naomba muniambie, huyu ndege na bata wapi na wapi? Hana mguu wa kuogelea.

#21 Mwalimu Historia

Swali zuri sana. Lugha nyingi hazikumpatia jina la kwao. Ni ndege wa Amerika, wenyeji wa Meksiko ndio waliomfuga kwanza, Wahispania wakampeleka Ulaya karne ya 16. Waingereza wakampa jina la Uturuki. Waturuki wenyewe wakamwita hindi. Wafaransa, ndege wa India, ndiyo hiyo dindon yenu. Wareno wanasema peru. Wamisri wanasema jogoo wa Kirumi. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

#22 Bukavu Boise

Na mzinga je?

#23 Binti Mvita

Mzinga wa nyuki. Akijivimbisha anakuwa duara kama mzinga ulioning'inizwa mtini.

#24 Mfugaji wa Tengeru

Ni mzinga wa vita. Dume likivuta pumzi kifuani linatoa mshindo wa chini, unausikia mwilini kabla ya masikio. Njooni asubuhi shambani kwangu mtakubali.

#25 Nairobi Houston

Au ni kwa sababu ya kutisha tu. Nilipokuwa mdogo alinikimbiza hadi barabarani.

#26 Mlinzi wa Kumbukumbu

Naomba niulize bila kumkosea mtu. Kwa nini tunasherehekea hii siku? Watu wa Wampanoag, wenyeji wa asili wa Amerika, walikula pamoja na wageni Waingereza mwaka 1621, na kilichowapata baadaye kwenye ardhi yao tunakijua. Pale Plymouth tangu 1970 wenyeji wanakusanyika Alhamisi hiyohiyo kuomboleza. Sisi tunaotoka nchi zilizotawaliwa, tunakaaje mezani?

#27 Bi Kitunguu

Wanangu wamezaliwa hapa. Nikiwaambia si yao, ipi ni yao?

#28 Mwalimu Historia

#26 una haki ya kuuliza, na wote wanaompikia mtoto ndege wamsimulie na hilo. Ila tuweke sawa: siku ile ya 1621 haikuwa chanzo cha sikukuu ya taifa. Rais Washington alitangaza siku ya shukrani mwaka 1789, haikuendelea kila mwaka. Mwanamke mhariri, Sarah Josepha Hale, aliandika barua kwa miaka mingi akidai iwe ya taifa zima, na Rais Lincoln akaitangaza 1863 katikati ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe. Na kuhusu ndege, shahidi aliyeandika habari za mlo ule, Edward Winslow, anataja ndege wa kuwindwa bila kusema ni aina gani, na kulungu watano walioletwa na Wampanoag.

#29 Nairobi Houston

Kwa hiyo mlo wa asili ni nyama ya porini. Lakini Mwalimu, Lincoln alisema Alhamisi ya mwisho ya Novemba, siyo ya nne kama ilivyo sasa.

#30 Mwalimu Historia

Sahihi, ya mwisho. Rais Roosevelt akaiwahisha kwa wiki moja mwaka 1939 ili watu wapate muda zaidi wa kununua vitu vya Krismasi, majimbo mengine yakakataa, ukawa ugomvi. Bunge likaiweka Alhamisi ya nne mwaka 1941.

#31 Mlinzi wa Kumbukumbu

Nimekusoma Mwalimu. Bado moyo wangu hautulii, lakini nimekusoma.

#32 Kijana wa Zamu (Jumapili usiku)

Mimi nasafisha hospitali usiku, Columbus hapahapa. Alhamisi nina zamu saa 4 usiku, mchana niko peke yangu chumbani. Mwaka wa kwanza sikujua kwamba kila kitu kinafungwa. Nilizunguka mitaa miwili mizima kutafuta chakula, nikarudi nikala mkate. Ndiyo sikukuu ninayoikumbuka. Endeleeni, najifunza.

#33 Mama Zuhura

Kijana, angalia ujumbe wako wa faragha.

Turudi jikoni. Nimemsomea mama ushauri wa Binti Mvita wa kumkata vipande. Amekataa katakata. Anasema amesafiri siku mbili, anataka kumwona huyo ndege mzima kama kwenye picha ya mjukuu. Na watoto wako upande wake.

#34 Mpishi wa Pangani

Basi mpasue ng'onda! Kata uti wa mgongo kwa mkasi wa jikoni, mgeuze, mkandamize kifuani mpaka mfupa ulie, anafunguka kama samaki wa kuanika. Ni mzima, lakini mapaja yamekaa pembeni kwenye moto mkali na kidari kimelala juu, vinaiva karibu pamoja. Nyuzi 425. Dakika sita hivi kwa paundi, uende na kipimajoto. Ule uti na shingo tengenezea mchuzi.

#35 Binti Mvita

Hii imekubalika hata kwangu. Halali kwa wanaohitaji: agizeni buchani mapema, wiki ya mwisho hawabaki.

#36 Fundi Oveni

Na toa kile kifuko cha karatasi ndani, chenye shingo, maini na firigisi. Wengi wanampika nacho.

#37 Bi Kitunguu

Firigisi ni zangu.

#38 Asha Mpya Mjini (Jumatano, saa 2 usiku)

Samahanini kuingilia uzi. Wangu ni paundi 12, yuko kwenye friji tangu jana, nimemgusa ndani bado barafu. Kesho mchana nina watu. Nifanyeje? Shemeji anasema tumkaange kwenye mafuta uani.

#39 Fundi Oveni

USIMKAANGE AKIWA NA BARAFU. Maji na mafuta ya moto yatalipuka, kila mwaka nyumba zinaungua siku hii. Mwache na mfuko wake, mfuko usiwe na tundu, mzamishe kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa. Nusu saa kwa paundi, kwa aliyeganda kabisa ni saa sita. Wako ameshaanza, utawahi kabla ya usiku wa manane. Maji ya moto hapana.

#40 Asha Mpya Mjini (saa 6 usiku)

Ameyeyuka. Shemeji amebadilisha maji mara saba bila kulalamika. Mungu awabariki.

#41 Mama Zuhura (Ijumaa asubuhi)

Nimerudi. Nilimpasua ng'onda Jumanne usiku, mume alisaidia kuvunja mfupa. Chumvi nusu ya ile ya #10 kwa sababu ya yale maji yake, tangawizi na kitunguu saumu chini ya ngozi. Sikumwosha, Bi Kitunguu nisamehe. Nyuzi 425, sikufungua mlango mara kwa mara. Saa moja na dakika 50, kidari 165, paja 178. Mapaja nikayapaka tui mwishoni, kidari nikakiacha kizungu. Nikampumzisha nusu saa kabla ya kukata.

Kilikuwa na maji. Kidari! Mama alikula vipande vitatu, akaniuliza kama ni ndege yuleyule niliyemlilia kwenye simu mwaka jana. Mezani kulikuwa na pilau, maharage ya nazi, sukuma wiki, viazi vya kuponda, na jirani yetu mzee wa hapahapa akaleta pai ya boga. Mama alisema boga halina haja ya unga, lakini akamaliza.

#42 Nairobi Houston

Hongera mama! Sasa ni chumvi au ni kupasua?

#43 Binti Mvita

Kupasua.

#44 Fundi Oveni

Kipimajoto.

#45 Mpishi wa Pangani

Tui.

#46 Mfugaji wa Tengeru

Labda huyu alikuwa ndege mwenye afya tu kuliko wa mwaka jana. Hakuna anayefikiria ndege.

#47 Asha Mpya Mjini

Wetu alitoka vizuri mapaja, kidari kavu kidogo. Baada ya kula wote tulilala sebuleni, shemeji anasema nyama hii ina dawa ya usingizi.

#48 Fundi Oveni

Wanasema ni triptofani, lakini kuku anayo karibu sawa na mbona hatulali kila siku? Ni wali, viazi na pai kwa mpigo.

#49 Bi Kitunguu

Mifupa msitupe. Chemsha na tangawizi na ndimu, supu ya asubuhi. Nyama iliyobaki iingie friji ndani ya saa mbili, siku tatu au nne iwe imekwisha.

#50 Kijana wa Zamu (Ijumaa jioni)

Nilifika kwa Mama Zuhura saa 8 mchana, nikaondoka saa 3 usiku moja kwa moja kazini. Bibi wa Tanga alinikalisha karibu naye tukaongea habari za Muheza, anamjua mjomba wangu wa Ngomeni. Sikuwa nimeongea Kibondei tangu nifike Marekani. Nilifungiwa bakuli la mapaja ya kupaka na wali, nikala saa 9 usiku na wenzangu wa zamu, Mhaiti na Mnepali, tukagawana.

Bakuli ninalo, nimeliosha. Haliwezi kurudi tupu. Jikoni kwangu nina jiko la plati mbili na kikaango. Niambieni niweke nini.

#51 Mpishi wa Pangani

Kaimati. Unga, hamira, maji, na shira ya hiliki. Kikaango kinatosha.

#52 Mama Zuhura

Mama anasema shira isiwe nyepesi.